Niko Ujerumani najitolea, kanisani Jumapili hakuna anayenisemesha

Shikamoo Mama,

Mi ni binti wa miaka 23, natokea Lushoto, kwetu ni walutheri wa KKKT tangu enzi za bibi yangu na mimi nimekulia kwenye bendi ya matarumbeta ya usharika, nilianza kupuliza nikiwa darasa la kipaimara. Tangu mwezi wa nane niko Ujerumani kwa mwaka mmoja wa kujitolea, nimepangiwa nyumba ya wazee kwenye mji mdogo karibu na Bielefeld. Kazi sina shida nayo, nasaidia kulisha, kuvalisha soksi, kusukuma viti vya magurudumu, na Kijerumani kinapanda polepole. Shida yangu ni kanisa.

Mama, siku naondoka usharika uliniaga kwa ibada nzima. Wazee wa kanisa waliniwekea mikono, kwaya ikaimba mpaka mama akalia, akina mama wakanichangia hela ya koti la baridi, na mwinjilisti akasema mbele ya watu wote kwamba naenda kule walikotoka waliotuletea Injili. Mi nikaamini kabisa kwamba nikifika ntakuta nyumbani kwingine.

Jumapili ya kwanza nikavaa gauni langu la kitenge nikafika dakika ishirini kabla, hakuna mtu. Mpaka ibada inaanza tulikuwa kama ishirini na tano kwenye kanisa la kukaa watu mia nne, wote wazee ukiondoa watoto wa kipaimara waliojazana nyuma. Mi nilikaa benchi la tatu peke yangu, kila anayeingia anaenda benchi lake, mbali na mwenzake, kama vile wamegombana. Kwaya hakuna, ni kinanda tu, namba za nyimbo ziko kwenye ubao ukutani, unafungua kitabu unaimba taratibu, hamna makofi, hamna anayeitikia amina kwa sauti katikati ya mahubiri. Dakika sitini tu, imeisha. Mchungaji, ni mama, alinipa mkono mlangoni akasema karibu, wengine wakatabasamu wakaenda zao. Wiki ya pili hivohivo na ya tatu hivohivo. Nilirudi chumbani nikalia.

Mwezi wa kumi ikaja sikukuu ya mavuno, nikakuta madhabahuni wamepanga maboga, matofaa, mikate, nikafurahi nikajua sasa hapa mnada unakuja, si unajua kwetu jogoo mmoja ananunuliwa anarudishwa ananunuliwa tena mpaka watu wanacheka. Hakuna mnada. Vitu vikapakiwa kwenye maboksi vikapelekwa kwa wanaogawa chakula kwa wasio na uwezo, watu wakaenda nyumbani.

Sasa wiki iliyopita mama mmoja wa baraza la kanisa akanifuata, wa kwanza kuongea na mimi zaidi ya salamu, kumbe anataka mwezi wa kumi na mbili nije na nguo za Kiafrika niimbe na kucheza, afu nionyeshe picha za shida za kwetu ili watu wachangie. Nilisema ntafikiria. Lakini moyoni niliumia, miezi mitatu hamjaniuliza hata kwetu kuna nani, leo mnataka nicheze.

Kuna ibada nyingine ya Waafrika, saa moja kwa treni, kule nilifurahi, ngoma, makofi, wali na kuku baada ya ibada, nilijisikia mtu. Ila mara ya tatu nilivyoenda mtumishi aliniambia nitoe mbegu ya euro 50 ili nyumbani kwetu pafunguke, na pesa yangu ya matumizi ya mwezi ni ndogo, nikatoa, mpaka mwisho wa mwezi nikawa nakula mkate tu.

Na kitu kingine kinanisuta. Nilivyokwenda kujiandikisha ofisi ya mji, kwenye fomu kuna sehemu ya dini, wenzangu wakaniambia ukiandika mlutheri utakatwa kodi ya kanisa, nikaandika sina dini. Mimi! Binti wa mzee wa kanisa! Tangu siku hiyo nikisali naona kama nimemkana Yesu kwa ajili ya hela.

Mahali pekee ninapopata amani ni kazini, Jumatano, mchungaji anakuja kufanya ibada fupi na wazee sebuleni. Kuna bibi mmoja pale hamjui tena hata binti yake, ila walivyoanza wimbo aliimba beti zote bila kitabu, na sauti ya wimbo ni ileile tunayoimba kwetu kwenye misiba, basi nikaimba kwa Kiswahili kimyakimya, yeye akanishika hapa kwenye kifundo cha mkono hakuniachia mpaka mwisho.

Mama yangu kila Jumapili ananipigia, "umeenda kanisani?" na mchungaji wa kwetu anasubiri nimwandikie barua isomwe ibadani. Niandike nini? Niache tu kwenda niombe chumbani? Zamu zenyewe Jumapili moja naingia kazini, moja niko huru.

Mimi binti wako, Bielefeld

*

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa chini, maana nimeishi upande huohuo wa Westfalia miaka mitatu, mume wangu alikuwa anasoma, na lile benchi la tatu nalijua. Nami nililia. Kwahiyo ninayokwambia hapa sikuyasoma mahali, nilijifunza kwa kuchelewa, na wewe una mwaka mmoja tu sitaki uchelewe kama mimi.

Kanisa la Wajerumani ukilitafuta Jumapili saa nne asubuhi hutaliona. Lipo Jumanne saa moja na nusu usiku kwenye nyumba ya usharika, kile kijengo cha pembeni chenye jiko na viti vya kukunja. Kwetu Jumapili ndo kila kitu, ibada, kwaya tano, matangazo, mnada, kupatanisha waliokosana, kuangalia nani kavaa nini, mpaka saa nane mchana bado tupo uwanjani. Wao hayo yote wameyagawanya katikati ya wiki. Kuna siku ya waimbaji, siku ya akina mama, siku ya wanaopika kwa ajili ya wasio na makazi, siku ya vijana wanaoandaa igizo la Krismasi, na mtu anaweza kuwa mkristo mwenye bidii kwelikweli kwenye kikundi chake lakini Jumapili umuone mara moja kwa mwezi. Ile Jumapili uliyoikuta wewe ni ua tu wa nyumba, watu wamo ndani.

Sasa angalia mlangoni mwa kanisa, kuna kijarida cha usharika, wanakitoa bure, chukua. Kurasa za nyuma utakuta vikundi vyote na siku zake na saa na namba ya simu ya anayeongoza. Tafuta neno Posaunenchor. Ni bendi ya matarumbeta ya kanisa, mwanangu. Umepelekwa, katika Ujerumani nzima, kwenye mkoa ambao bendi hizo zilishika mizizi mapema kabisa, vijiji vya kuzunguka Bielefeld vilikuwa navyo tangu miaka ya 1840. Na wale wamisionari waliofika Mlalo, hukohuko kwenu Lushoto, mwaka 1891, ile misheni yao baadaye, mwaka 1906, ilihamia Bethel, ambayo ni sehemu ya huohuo mji wa Bielefeld. Yaani hayo matarumbeta uliyokulia nayo Usambara yana ndugu wa damu hapo ulipo, na wewe umekaa chumbani unalia kwamba hakuna kwaya.

Nenda siku ya mazoezi, usisubiri kualikwa. Kwa utamaduni wao kukualika mara mbilimbili ni kama kukusumbua, wanaona wanakuheshimu wakikuacha uamue mwenyewe. Ukiingia sema jina lako, sema napuliza tarumbeta, sina chombo. Mara nyingi wana vyombo vya ziada kabatini kwa ajili ya wanaojifunza. Jambo moja likusaidie usishtuke, kwenye bendi hizo tarumbeta husoma noti kama inavyolia kwenye kinanda, haihamishwi kama kwenye bendi za shule au za jeshi, kwahiyo kama kwenu mlifundishwa kwa namna nyingine wiki mbili za kwanza vidole vitakuchanganya. Waambie mapema, watakuelekeza. Kijerumani chako kibovu hakitakuwa na kazi hapo, mkifika "mbili, tatu, nne" mnapuliza wote.

Na usitegemee wakukumbatie siku ya kwanza. Mi niliingia kwaya ya Alhamisi, sauti ya pili, jirani yangu alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Wiki nne hakuniambia kitu zaidi ya kunisogezea karatasi nikikosea ukurasa. Wiki ya tano alikuja na buti za baridi ndani ya mfuko wa plastiki, kaziweka chini ya kiti changu, akasema zilikuwa za binti yake. Namba 39, saizi yangu kabisa. Kumbe wiki zote hizo alikuwa anaangalia viatu vyangu vya wazi namna theluji inavyoingia. Baada ya hapo nilienda kwake kila Krismasi mpaka tunarudi Tanzania, na alivyofariki mtoto wake alinipigia simu kabla ya baadhi ya ndugu zake. Ndo walivyo, wanakuchunguza kwanza kimya, afu wakishakuweka moyoni hawakutoi.

Huo ukimya wa ibadani pia usiuchukulie kama wanakukataa. Kwetu ukinyamaza mbele za Mungu watu wanauliza una nini, kwao ukipiga kelele ndo wanauliza. Wamelelewa hivyo, kunyamaza ndo adabu yenyewe. Jumapili uliyo huru usikae tena benchi la tatu, hiyo mbele mbele wanaogopa wenyewe. Nenda nyuma kidogo, simama kwenye benchi la bibi yeyote, muulize naweza kukaa hapa, hakuna atakayekwambia hapana. Na kama wana kahawa ya baada ya ibada baki, hata kama husikii wanachoongea, kusanya vikombe peleka jikoni. Jikoni watu wanaongea.

Ile habari ya kucheza. Hapo mwanangu nimekaa upande wako kabisa, uliumia kwa haki. Lakini nikikumbuka akina mama niliowajua kule, nadhani naye hakuwa na nia mbaya, alikuwa anatafuta namna ya kukusogelea na hiyo ndo aliyoijua. Usimkatalie kwa hasira na usimkubalie kama alivyosema. Mwambie hivi, kucheza peke yangu mbele ya watu waliokaa hapana, kwetu hakuna anayecheza kanisani wengine wakiwa wametulia wanamwangalia. Nitawafundisha wimbo mmoja wa Kiswahili, beti mbili, mtauimba nyie wote mmesimama. Picha za shida, hapana. Lete picha za usharika wenu, bendi yenu, mnada wenyewe huo wa jogoo, waeleze huyo jogoo anavyonunuliwa mara tano na hela inavyojenga kanisa, uone watakavyocheka na kuuliza maswali. Tena ukiweza huo mnada ufanyeni, walete keki zao na jamu zao za kupika nyumbani, wewe uwe dalali. Hela itakayopatikana muamue pamoja iende wapi. Hapo utakuwa umewapa kitu ambacho hawana, na wewe hujageuzwa maonyesho.

Ibada ya Waafrika sikukatazi, moyo unahitaji kucheka kwa sauti na kula wali. Lakini hela ya mbegu usitoe tena hata senti. Anayekwambia toa kiasi fulani ili nyumbani kwenu pafunguke anauza, na anauza kitu asichokuwa nacho. Sadaka yako ni ile unayotoa kwa hiari na ukabaki na chakula. Wakikubana ondoka, miji ya huko ina sharika nyingi za Wakongo, Waghana, Waethiopia, hutakosa mahali.

Fomu nayo isikunyime usingizi. Kodi ya kanisa inahesabiwa juu ya kodi ya mapato, ni asilimia 9 ya kodi hiyo sehemu kubwa ya nchi, na 8 Bavaria na Baden-Württemberg. Asiyelipa kodi ya mapato kwenye mshahara hakatwi ya kanisa, na hiyo pesa ya kujikimu ya mtu anayejitolea haikatwi kodi ya mapato, kwahiyo wenzako walikutisha bure. Chukua nakala ya cheti chako cha ubatizo, mwombe mama atume picha kwa simu kama huna, nenda ofisi ya usharika wa hapo mueleze ukweli kama ulivyonieleza mimi. Watakwambia namna ya kurekebisha. Ukibaki huko baadaye kusomea uuguzi, maana najua wengi wenu mnaishia hapo, ukianza kulipwa mshahara hapo ndo itaweza kukuhusu, na utakuwa umeshajua unachangia nini. Kuhusu kumkana Yesu, mwanangu, uliogopa, uko ugenini, umri wako, hela hamna. Petro aliogopa zaidi yako na kanisa lilijengwa. Tubu ulale.

Sasa nirudi kwa yule bibi. Umemwandika mistari michache tu ukapita, lakini mi ndo pale niliposimama kusoma. Miezi mitatu unaniambia hujapata kanisa, na kila Jumatano mtu ambaye amesahau mpaka mwanawe anakushika mkono mnaimba wimbo mmoja kwa lugha mbili. Mwombe msimamizi wako, kama ratiba inaruhusu, Jumatano uwe zamu hiyo daima, na mwambie mchungaji kwamba ungependa kusaidia kuwaleta wazee sebuleni na kugawa vitabu. Huyo mchungaji utakuwa naye nusu saa kila wiki, mtazungumza mkipanga viti, ndo mlango wako huo. Na wazee waulize walifunzwa kipaimara na nani, mwaka gani, mstari gani walipewa siku ile. Wengi wanaukumbuka mpaka leo, wanauhifadhi maisha yote, utaona nyuso zinavyobadilika.

Na kuna jambo liko karibu usilikose. Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, yale majuma ya kungojea Krismasi, walutheri wa huko wanasoma majina ya wote waliozikwa na usharika mwaka huo, jina mojamoja, na sehemu nyingi kila jina linawashiwa mshumaa. Hiyo siku kanisa linakuwa na watu. Umekaa nyumba ya wazee miezi mitatu, najua kuna uliowalisha ambao hawapo tena. Kama uko zamu badilishana na mwenzako. Nenda, kaa na familia zao kama wanakufahamu, na jina la mtu wako likisomwa simama. Mi nilimsimamia yule mama wa buti kwa mbali, nikiwa Dar, kwa saa yao, na mshumaa wangu mezani.

Majilio ikianza bendi za matarumbeta zinatoka nje, zinapuliza sokoni, mlangoni mwa hospitali, kwenye nyumba za wazee. Ukianza mazoezi wiki hii, inawezekana kabisa Desemba ukaingia kazini kwako siku ya mapumziko, na koti lako la mchango wa akina mama wa Lushoto, na tarumbeta mkononi, ukampulizia yule bibi wimbo wake.

Mama yako mjibu kweli, "Jumapili hii nilikuwa kazini, lakini Jumatano nilisali na wazee." Ataelewa kuliko unavyodhani. Barua ya usharika isubiri kidogo, iandike baada ya mazoezi ya kwanza, usiku huohuo kabla midomo haijaacha kuwasha.